Nilimwambia mama-mkwe athibitishe kama ni yeye kweli: yaliyonikuta kwenye mafunzo ya usalama wa boti, Baraka

Wakuu, salamu kutoka Baraka, kando ya Tanganyika. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na mashahidi wapo, kwa hiyo kama kuna chumvi humu ni ile ya ndagala, dagaa wetu, tu. Kiswahili changu ni cha huku Kongo, mutanivumilia.

Mi ni mwanafunzi. Chuo chetu kilituletea mafunzo ya usalama wa ziwani pamoja na hatari za simu na mitandao.

Sio mafunzo ya kukaa na kunakili ubao. Unavalishwa gilet ya kukuelesha majini, unapanda boti, unapewa redio, unaambiwa: injini imezima, maji yanaingia, sema uko wapi. Ukibabaika unarudia mpaka ulimi uzoee. Mi nilirudia sana.

Formateur wetu, yaani mkufunzi, ni mzee mmoja wa Kalemie, tunamuita Kapiteni. Wimbo wake ulikuwa mmoja: mwizi wa ziwani siku hizi haanzi na bunduki, anaanza na simu. Anampigia mfanyabiashara, anajifanya ndugu, anauliza boti gani inatoka, siku gani, imebeba nini. Akishajua hayo kazi yake imebaki kidogo.

Dawa, kwa maneno ya Kapiteni: habari ya boti haitoki kwa simu kabla hujamhakikisha mtu. Kata, umpigie wewe kwa namba unayoijua, ao umuulize swali ambalo mwizi hawezi kulijibu.

Ikafika siku ya zoezi kubwa. Tukagawanywa pande mbili. Upande wangu tunalinda habari za boti ya mazoezi, upande wa pili wanatafuta kutunyang'anya habari hizo kwa ujanja wowote wa simu. Watakaoshindwa wataosha boti.

Kiongozi wa upande wa pili alikuwa Furaha. Huyo binti muacheni tu. Anaiga sauti ya mtu yeyote, kuanzia padri mpaka mama wa sambusa.

Sasa kabla sijaendelea, mjue kwamba nina mchumba, anaitwa Riziki. Anakaa hapa Baraka ila kwao ni Kazimia, na mama yake anafanya biashara ya ndagala, anapakia kule anashusha huku Baraka. Mambo ya mahari yalikuwa yameshaanza kuzungumzwa. Darasa lote lilijua, maana mi nikipenda sijui kunyamaza.

Na kwetu mama-mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Ukimuona njiani unapisha. Huli mbele yake. Hata namba yake sikuwa nayo, kila kitu kinapita kwa Riziki.

Basi niko pale, simu mkononi, wenzangu wamenizunguka. Ikaita namba nisiyoijua. Nikaweka sauti juu wote wasikie.

"Mukwe, habari? Ni miye mama ya Riziki. Ile boti uliniulizaka jana, kesho nipande yeyo ao niache?"

Nikacheka moyoni. Furaha huyo. Kwanza sikuwahi kumuuliza mama habari ya boti yoyote, mtego uko wazi kabisa. Pili, ile sauti ya kizee ilikuwa imezidi.

Nikamwambia, "Mama, mbele nikujibu, sema kwanza Riziki alizaliwa wapi, na bibi yake alimupatia jina gani."

"Mukwe, unaniuliza miye kwenye nilizalia mutoto wangu?"

"Ndiyo. Hapa hakuna mukwe, kuna utaratibu. Na hiyo sauti punguza kidogo, hata bibi yangu haongeake vile."

Simu ikakatwa. Wenzangu wakanipigia makofi, mmoja akanibeba mgongoni. Kichwa kikavimba, nikamfuata Furaha kumwambia aanze kutafuta ndoo.

Akaniangalia. "Ndoo ya nini? Siye hatujapiga. Zamu yetu inaanza tukisha kula."

Haikupita muda, Riziki huyo kwenye simu. "Umemufanya mama nini? Iko analia. Anasema umecheka sauti yake mbele ya bantu. Baba mudogo amesema mambo ya mahari isimame."

Nikamwambia nilidhani ni Furaha.

"Furaha ni nani?"

Hapo nikaona nimetoka shimoni nikaingia kisimani. Nikaanza kueleza zoezi, maneno yananikataa, hata mi mwenyewe nilikuwa sijiamini. Riziki akanikatiza: "Mama alitaka tu kukuuliza juu ya simu yako ya jana."

"Simu gani? Mi mama yako sijawahi kumupigia toka nizaliwe."

Riziki akaeleza polepole. Jana yake mwanaume alimpigia mama, akasema ni mukwe wake anayesoma usalama wa boti, amebadilisha laini. Akauliza ndagala zitapakiwa boti gani, siku gani, na mama atasafiri na nani. Mama akajibu yote. Huku kila mtu ana laini mbili tatu, angeshangaa nini. Baadaye roho ikamkataa, ndipo akaomba namba yangu kwa Riziki, akanipigia.

Mahari niliisahau hapo hapo. Nilichokiona ni yule mama katikati ya maji, ndani ya boti ambayo mtu asiyejulikana anaijua saa na siku yake. Niliogopa kweli, sitaki kujikaza hapa.

Nikaenda kwa Kapiteni nikamwambia kila kitu, hata ile ya sauti ya kizee. Hakucheka. Akasema, "Zoezi limekwisha. Hii sasa ni kazi."

Akampigia mkuu wa beach ya Kazimia. Beach kwetu ndiyo bandari. Mkuu naye akagoma kuzungumza, akakata, akapiga yeye mwenyewe kwa namba anayoijua. Kapiteni akatuangalia kama mzazi ambaye mtoto wake ameshika namba moja.

Wakakubaliana: ile boti isitoke kesho, itoke siku nyingine ambayo haitatangazwa. Abiria wapande boti nyingine ya kesho asubuhi, ipite karibu na nchi kavu.

Tatizo likabaki mama. Simu yangu hapokei. Riziki alipompigia kumwambia abadili boti, jibu likawa: "Mwambie huyo kijana wa utaratibu, mi sipokeake amri yake. Nimesema ile boti, nitapanda ile. Kama hiyo haitoke nitatafuta yangu." Na huko ukiwa na mizigo, mtu wa kukupakia kwa pirogue, mtumbwi wake, hakosi.

Nimeshaogopa vitu vingi, lakini kuogopa kwamba mtu ataingia hatarini kwa sababu umemuudhi, hiyo ni kubwa. Na huwezi kumpigia mama-mkwe magoti kwa simu. Kwetu anaomba msamaha mtu wa kati.

Furaha akasema, "Leta."

Akachukua simu ya Riziki, ambaye wakati huo alikuwa ameshafika chuoni amenuna. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, kwa adabu: "Mama, ni miye Furaha. Ndiye miye mukwe wako alizania. Miye njo naigaka sauti za bantu. Kosa ni yangu, mumusamehe."

Mama akasema: "Iga yangu nisikie."

Furaha akatuangalia. Kapiteni akatingisha kichwa kwamba endelea. Basi akaiga: "Mukwe, unaniuliza miye kwenye nilizalia mutoto wangu?" Neno kwa neno, nilikuwa nimewasimulia.

Kule upande wa pili mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa. Riziki mwenyewe kununa kukamshinda. Kisha mama akasema, "Sawa. Nitapanda ya asubuhi."

Kesho yake tulikuwa beach mapema. Boti ikafika salama. Ile iliyozuiwa ilitoka siku yake kimyakimya, haikuguswa. Kama kulikuwa na watu wanaisubiri, walisubiri bure, na nani alipiga ile simu hatujajua mpaka leo.

Mama akashuka. Nikarudi nyuma, macho chini. Akasimama, akaongea na Riziki huku mi nasikia vizuri tu: "Mwambie mukwe wangu, ule mutu alipopiga, roho ilikataa. Lakini mukwe haulizwi kama ni yeye. Niliogopa kumukosea heshima, nikasema yote."

Wakuu, hiyo iliniingia. Mwizi hakuvunja kitu. Alibisha hodi kwa heshima yetu wenyewe, tukamfungulia.

"Mwambie tena," mama akasema, "tuweke neno. Akipiga naliuliza, nikipiga analiuliza."

Riziki akasema sawa, neno gani. Mama akamwambia asogee pembeni. Akanisogelea, akaninong'oneza sikioni, pale pale beach, bamama wa ndagala wameacha kupima wanatuangalia.

Mahari imeendelea. Siku ya kikao baba mdogo alitaka nilipe faini ya mbuzi kwa ile dharau. Mama akajibu kutoka ndani kwamba faini ameshaisamehe, maana mukwe huyu akimuuliza yeye ni nani, yeye mama anajua kijana anataka afike salama.

Nilichojifunza: kuuliza si ujinga, na wala si dharau. Ila wekeni neno mapema, mkiwa mnacheka, msingoje siku ya mashaka.

Karibuni mchangie. Nyie na wakwe zenu mnahakikishana vipi? Riziki yuko humu jukwaani kwa jina asilonitajia, na najua atauliza lile neno la siri kwa kujifanya mgeni. Mtakaoliuliza wote, jibu ni hapana.