Printa Iliyovuka Bahari

Kwa miaka ishirini na sita aliwaambia watu neno moja, mpaka neno lenyewe likamganda kama jina. "Usipepese," aliwaambia wote waliokalia kigoda mbele ya pazia lake la buluu, wakubwa kwa wadogo, na mtaa mzima ukaishia kumwita Usipepese. Jina lake la kitambulisho analijua mkewe, na mkewe hana haraka ya kulitaja.

Picha alijua kupiga. Kilichomwangusha ni printa, iliyokuwa imezeeka mpaka ikaanza kutoa nyuso za kijani. Ofisi ya hati za kusafiria ilimrudishia wateja watatu katika wiki moja. Usipepese aliwaambia ni mwanga wa dirishani, na hakuna aliyemwamini. Kisha mwalimu mkuu wa sekondari ya jirani, ambaye kila mwaka humpa kazi ya vitambulisho vya wanafunzi mia tatu, akamwambia kwa upole kabisa kwamba safari hii akiona mtoto mmoja wa kijani, kazi inahamia studio ya barabara ya pili. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa pango la nusu mwaka. Ikiondoka, Usipepese naye afunge mlango.

Printa mpya ilikuwepo dukani kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, hatua mia mbili kutoka studio. Bei yake laki kumi. Shemeji huyu ana tabia moja: hampunguzii ndugu hata senti. Mgeni nampunguzia ili arudi, husema, ndugu atarudi tu. Tena husema hivyo mbele ya watu, kwenye shughuli za familia, huku akijisogezea sahani. Usipepese, siku moja amechoka kuyasikia, aliapa mbele ya watu haohao kwamba atanunua kitu kwa shemeji yake siku maduka mengine yote duniani yatakapofungwa.

Na duniani maduka ni mengi. Mchana mmoja usio na wateja aliikuta kwenye simu printa ileile, rangi ileile, ng'ambo, kwa laki sita. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya picha, akatabasamu peke yake, akamwendea mkewe. Mkewe ni fundi cherehani. Meza yake iko upande wa pili wa lile pazia, kwa hiyo mambo yote ya studio huyasikia kabla hajaambiwa. Usipepese alieleza kwa kirefu: bei, akiba, na ujinga wa watu wanaonunua mtaani vitu vinavyopatikana kwa nusu ya bei huko vinakotoka. Mkewe akamaliza kwanza mshono aliokuwa nao.

"Sawa, baba watoto," akasema.

Usipepese alikuja amejiandaa kwa vita, akapewa sawa. Akalipia hapohapo, asije akabadili mawazo.

Usafirishaji ulikula laki moja na nusu. Ushuru ulikula laki moja. Wakala wa forodha alichukua elfu hamsini, na ghala likadai elfu thelathini kwa siku ambazo mzigo ulikaa ukimngoja wakala. Wakala naye alisema siku hizo alikuwa akilingoja ghala. Plagi ilikuja na meno yasiyoingia ukutani, ikabidi anunue kiunganishi cha elfu tano. Mtu mwingine hapo angenyamaza kimya. Usipepese aliwatangazia kinyozi na fundi viatu kwamba ameokoa elfu sitini na tano, na kwa hesabu ya bahasha alikuwa sahihi, maana bahasha haikuwa na nafasi ya wiki saba za kungoja wala ya wateja waliokwisha kuvuka barabara.

Na printa ilikuwa nzuri, tusiionee. Nyuso zilitoka na rangi zake za kuzaliwa. Ndani ya boksi mlikuwa na utepe mmoja wa rangi, wa kuanzia, unaotoa picha ishirini. Usipepese akampiga kinyozi, akampiga fundi viatu, akawapiga na waliokuja kuuliza kuna nini, wote bure, ili mtaa ujue. Kufika saa sita mchana utepe umekwisha. Ilikuwa Jumatano. Wanafunzi mia tatu walikuwa tayari ndani ya kamera, na mwalimu mkuu alizitaka picha Jumatatu.

Akaenda mjini, akanunua utepe wa kampuni ileile, namba ileile. Printa ikaumeza, ikafikiri, ikaandika kwenye kioo chake kwamba utepe huo si wa eneo la mashine hiyo. Akadhani ameuziwa bandia, akanunua mwingine duka jingine. Printa ikaandika yaleyale. Akawaandikia wauzaji wa ng'ambo, nao wakamjibu kwa adabu kubwa kuwa mashine ya kwao hukubali tepe za kwao tu, wanazo tele, na zitamfikia baada ya wiki nne.

Usipepese alikaa kwenye kigoda cha wateja akaliangalia pazia. Aliogopa kweli. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja na hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Printa ya ng'ambo ilikuwa imemmaliza, na mfukoni hakuwa na laki kumi wala laki moja. Ijumaa asubuhi akapiga moyo konde, akazitembea zile hatua mia mbili kwenda kumwomba shemeji yake amkodishe mashine kwa siku mbili.

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho na hakucheka, jambo ambalo lilimtisha Usipepese zaidi. Akaingia stoo, akatoka na boksi lililobandikwa karatasi: YA DADA, ISIUZWE.

"Hii ni yenu, shemeji. Nilikuwa nangoja uje."

"Nani kalipa?"

Shemeji akamsogezea risiti. Imelipwa kwa mafungu manne, jina la mkewe juu, na fungu la kwanza lilikuwa la tarehe ileile aliyoagiza ng'ambo, saa chache tu baadaye. Hizo zilikuwa fedha alizokuwa akiweka mkewe ili anunue cherehani ya umeme. Usipepese alijua zinatunzwa, hakujua zimekwisha. Akasoma mpaka chini. Laki kumi, kamili.

"Hata dada yako hukumpunguzia?"

"Dada yangu ndiyo kabisa," shemeji akasema, akampa na utepe.

Akarudi studio na boksi kifuani. Nyuma ya pazia cherehani ya miguu ilikuwa inakwenda. Aibu ilimshika mpaka masikioni, na alimpenda mwanamke yule kiasi kwamba hakujua aliweke wapi boksi. Mkewe alikuwa amekwisha kupanga nafasi mezani.

"Kwa nini hukunikataza?" akauliza.

Mkewe akakata uzi kwa meno.

"Ningekukataza, ungeagiza mbili."

Usipepese alilifikiria hilo, akaona ni kweli, akaanza kufungua boksi.