Herufi Zilizokonda

Mjomba wangu alichonga mihuri ya mpira kwa miaka thelathini, katika kibanda chenye meza moja na dirisha moja, nyuma ya ofisi za serikali. Makarani wote wa pale waligonga karatasi zao kwa kazi ya mikono yake, halafu wakajiona wakubwa. Tulimwita Mzee Mihuri, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na mama yake.

Kisha mkono wa kulia ukaanza ukaidi. Ukipumzika gotini, unatetemeka. Akishika kisu, unatulia. Lakini herufi zikawa zinakonda. Mstari unaanza mnene, unaishia mdogo kama maandishi ya sisimizi. Wateja wakaanza kurudisha mihuri. Mkewe, ambaye hana subira na mtu, akamwambia, "Ama uende hospitali, ama ufunge kibanda."

Nikampeleka mimi. Daktari alikuwa mtu wa kitabu. Hakumshika mkono, wala hakumwambia atembee. Alimuuliza kabila, akafungua kitabu, akateremsha kidole kwenye jedwali.

"Ugonjwa wa Parkinson, huo wa kutetemeka, kwenu ni nadra sana," akasema. "Hayo ni mawazo tu, mzee. Punguza kahawa."

"Na marehemu kaka yangu, aliyetetemeka mpaka chai ikamwagika?"

"Alipimwa?"

"Alikuja hapahapa, daktari. Mkamwambia apunguze kahawa."

"Basi hayumo kwenye hesabu."

Hasira zilinipanda. Kumbe jedwali linapikwa hivyo! Anayekuja anarudishwa, akirudishwa hahesabiwi, kisha kitabu kinatupongeza kwa afya njema. Mjomba hakutaka pongezi. Alitaka dawa, apate kuchonga tena.

Daktari akaandika kwamba mgonjwa hana ugonjwa, akachukua muhuri wake mezani na kuugonga kwa kishindo. Mjomba akaiinua karatasi, akaikazia macho.

"Huu nilikuchongea mimi, miezi minne iliyopita."

Daktari akautazama, pengine kwa mara ya kwanza. Jina lake lilianza kwa herufi kubwa zenye kujivuna, likafika kwenye cheo limekonda hata halisomeki. Miezi minne alikuwa akiugonga kila siku.

"Mbona hukuniambia kuwa ni mbovu?"

"Nilidhani utaona, wewe ndiye daktari."

Nilicheka kwa sauti, na siombi radhi. Daktari akafunga kitabu. "Tembea mpaka mlangoni, mzee," akasema, sauti imeshuka. Mjomba akatembea kwa hatua fupi, mkono wa kulia umeganda ubavuni bila kupunga. Daktari akaichana karatasi, akaandika nyingine, yenye jina la ugonjwa na la dawa yake.

Dawa zilisaidia, na kibanda hakikufungwa. Wiki ya pili mjomba alimchongea daktari muhuri mwingine, mstari mzima bila herufi hata moja kukonda, akaufunga kwenye gazeti na kunituma niupeleke kwake kama shukrani. Nilimkuta anagonga karatasi. Alikuwa ameshachongewa muhuri mpya na fundi mwingine.