Chupa ya Jana Bado Iko Mlangoni kwa Mzee Maeng

Saa moja asubuhi, mtaa wa mlimani kisiwani Yeongdo, Busan. Pyo Eun-jeong kaganda mbele ya mlango wa mzee Maeng. Kwenye mfuko uliotundikwa kitasani imo chupa ya maziwa ya mgando aliyoileta jana. Haijaguswa.

Anapiga simu ya mzee. Inaita humo humo ndani. Inaita weee, hakuna anayepokea.

"Babu, fungua. Ni mimi, mama maziwa."

Anagonga mlango kwa ngumi.

Jirani, bibi Cheon, anamenya vitunguu saumu kizingitini kwake. "Wewe naye na uchuro wako asubuhi asubuhi. Labda kalala."

"Hata siku ile nilijiambia hivyo hivyo," Eun-jeong anajibu. Anagonga tena.

Siku ile alikuwa na miaka tisa. Baba yake, fundi wa kuchomelea meli, hakutoka chumbani. Mtoto akanyata asimwamshe, akaenda shule. Aliporudi, nyumba imejaa watu. Akaambiwa ni moyo. Kwamba baba alijiua, alikuja kuambiwa ukubwani, na shangazi yake, jikoni kwenye harusi ya watu.

"Nikajilaumu sana," anamwambia bibi Cheon. " Kwa nini sikugonga? Mshauri kaniambia mtoto hana kosa. Kichwa kimeelewa. Miguu ndiyo bado. Mlango ukifungwa, haiondoki."

Ana miaka kumi na moja kwenye kazi hii ya kupeleka maziwa milangoni, nyumba kama sitini, nyingi za wazee wanaoishi peke yao. Utaratibu unajulikana: chupa ya jana ikibaki, unapigia ofisi ya mtaa. Anapiga. Wanasema wanakuja.

Kabla hawajafika, mzee Maeng anapanda ngazi taratibu, kavaa suti, kabeba furushi.

"Mbona mko mlangoni kwangu? Nani kafa?"

Eun-jeong anakaa chini na kulia. "Babu, ulikuwa wapi? Simu umeiacha ndani."

"Daegu, kwa mwanangu. Jana umetimia mwaka mwingine tangu mke wangu afariki, siku ya kumwandalia marehemu meza ya chakula na kuinama mbele yake. Nikienda kumlisha mke wangu nikuombe ruhusa wewe?" Anaukagua mlango. "Hata mgambo hagongi hivi." Kisha anafungua furushi, anampa kitumbua cha mchele. "Kula. Kimetoka mezani kwake."

Eun-jeong anakishika tu, hakili. Anasema kwao baba hajawahi kuandaliwa meza hata mara moja. Bibi yake alikataza; kwake yeye, aliyejiua haitwi kula na wafu wenzake. Tangu hapo hata jina lake halitajwi.

"Mwezi ujao nitamwandalia. Wali, supu ya figili, samaki. Kaka yangu kasema nisimwite kwenye balaa langu. Basi tutakuwa mimi na binti yangu. Yeye anajua babu yake alikufa kwa moyo. Nitamwambia ukweli kabla hatujainama."

"Utaanzaje?" mzee anauliza.

"Sijui. Naogopa." Anapangusa uso kwa mkono wa koti. "Ila samaki nimeshamwagiza."