Akiba ya Dharura ya Vyama Vitatu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Kitengela, na mweka hazina wa chama cha walimu wanawake. Nilijivuna utadhani nimepewa benki kuu. Pesa za dharura hatukuziacha zilale bure. Tulikikopesha chama cha wake wa wenye bucha. Wao wakawakopesha akina mama waliouza mbuzi sokoni, na wale wa mbuzi wakatukopesha sisi. Kila chama kiliandika daftarini kwamba kiko salama kwa sababu kile kingine kiko salama. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, niliwaambia mkutanoni, wakanipigia makofi.

Kisha ikaja mvua isiyokatika, na nyuma yake homa ya mifugo. Serikali ikafunga soko la mbuzi, watu wakaogopa nyama, ndoano za bucha zikaning'inia tupu. Binti yangu alikuwa ameitwa kidato cha kwanza, na karo yake yote nilikuwa nimeiweka chamani.

Juma moja kabla ya shule kufunguliwa nilivaa viatu vya kanisani, nikaenda kudai kwa mweka hazina wa wake wa wenye bucha. Nikaambiwa ameenda kwa mwenzake wa mbuzi. Nikakanyaga matope hadi huko, nikamkuta yule wa bucha ameketi kwenye benchi mlangoni, mkoba mapajani. Mwenye nyumba hakuwepo. Tukangoja bila kutazamana, mimi nikimlaumu moyoni kwa uzembe wake. Mwishowe mwenye nyumba akatokea, tope limempanda hadi magotini.

"Mwalimu, natoka kwako," akasema. "Nilikuwa nimekuja kuchukua ile pesa yetu."

Tulikuwa na daftari tatu, lakini pesa ni zile zile, nazo zilikuwa zimegeuka mbuzi waliofungiwa zizini.

Binti yangu alikaa nyumbani muhula mzima, akiosha vyombo vyangu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Miaka kumi baadaye aliajiriwa benki. Nikamuuliza wao huweka wapi pesa zao za dharura.

"Zingine tunakopesha benki zingine, Mama. Ni salama sana."

Na hizo benki zingine je, nikauliza. Akanituliza kwamba mambo hayo yana wataalamu.

"Najua," nikamwambia. "Nilikuwa mmoja wao."