Neno Moja kwa Watoto Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, hakunionyesha nyumba nitakayolala. Alinionyesha daftari. Zahanati ilikuwa ya mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali, upande wa Balangdalalu, nami nilikuwa muuguzi mkunga niliyetoka chuoni na viatu vyeupe ambavyo vumbi lilivimaliza kabla ya saa sita mchana.

"Safu hii ni uzito," alisema. "Hii ni chanjo. Ya mwisho ni ulemavu. Mtoto akiwa mzito wa akili, andika 'taahira', kisha mwite anayefuata."

"Wote neno hilo hilo, Bwana Mganga?"

"Unalo lingine?"

Sikuwa nalo, wala sikulitafuta. Ninawaandikia vijana wanaoingia katika kazi hii wakiamini kwamba kutojua hakuna hatia. Hatia huanza pale mtu anaporidhika na kutojua kwa sababu kunamharakishia foleni.

Neno hilo niliwaandikia watoto wawili. Wa kwanza alikuwa Rehema, binti wa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Alizaliwa mzima, akatembea kwa wakati, akasema "mama" na "maji". Katika mwaka wake wa pili maneno hayo yalipotea. Ukimwita hageuki. Hakuwahi kukuonyesha kitu kwa kidole ili mkitazame pamoja. Alikaa kwenye benchi la zahanati akipanga punje za ngano katika mstari ulionyooka, na kombaini ikiunguruma huko nje aliziba masikio na kupiga mayowe mpaka sauti ikamkauka.

Wa pili alikuwa Emanueli, kitindamimba wa mama mmoja wa Getanuwas aliyekuwa amevuka miaka arobaini, na mumewe alikuwa mlinzi wa ghala. Huyu nilimpokea kwa mikono yangu. Alikuwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa, macho yamepanda kidogo pembeni, na kiganja kimekatwa na mstari mmoja tu kutoka upande huu hadi ule. Dalili zote zilikuwa mbele yangu tangu saa ya kwanza. Niliandika lile neno daftarini na kwenye kadi yake, nikanawa mikono.

Kliniki ya watoto ilikuwa kila Jumatano. Emanueli alipokuwa na miezi mitatu, mama yake aliniambia: "Sista, akinyonya anatokwa na jasho kichwani. Halafu anaacha kabla hajashiba, anahema."

Uzito kwenye kadi yake ulikuwa umesimama mahali pamoja kwa miezi miwili. Nilimtazama Rehema, mnene, amekaa na punje zake, nikajibu kwa uhakika ambao leo unanitia aibu: "Mama, mtazame yule. Hali yao ni moja, na kifua chake kizima kabisa. Wako ni mvivu wa kunyonya tu."

Mama Rehema naye nilimtuliza kwa namna hiyo hiyo, ila kinyume. Emanueli alipofika miaka mitatu alikuwa mdogo kwa umbo, lakini alimwamkia kila mtu, hata watoto wachanga waliokuwa wakining'inia kwenye mizani.

"Emanueli, huyo ana miezi mitano, unampa shikamoo?" Mama Rehema alimtania, na baraza zima likacheka.

"Mwache," mama yake akajibu. "Yeye hachagui watu kama ninyi. Wako mbona hatusalimii? Karani wa ghala, ngano inamtosha!"

Walicheka tena, lakini Mama Rehema alicheka kwa mdomo tu. Baadaye alinivuta pembeni. "Wangu lini atachangamka hivyo?"

"Subiri," nikamwambia. "Ni ugonjwa mmoja." Akasubiri, kwa sababu nesi amesema.

Mwaka huo alitutembelea daktari wa watoto kutoka hospitali ya rufaa. Alisoma daftari, akawaita watoto wote wawili, na kwa Emanueli akaweka kipimo cha kusikilizia moyo, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Nani aliwaweka hawa katika neno moja?"

Mganga mfawidhi alitazama dirishani. Nikasema ni mimi.

"Huyu wa kiume ana sindromu ya Down," alisema. "Amezaliwa na kromosomu moja ya ziada, hizo nyuzi zinazobeba urithi katika kila chembe ya mwili. Huonekana usoni na kiganjani, na damu ikipimwa huthibitisha. Wengi wao huzaliwa na kasoro ya moyo, ndiyo maana moyo husikilizwa siku ya kwanza. Huyu wa kike mwili wake hauna alama yoyote. Hakuna kipimo cha damu cha kumtambua. Utamjua kwa kumtazama anavyocheza, anavyozungumza, anavyoishi na watu, na kwa kumsikiliza mama yake." Hali hiyo leo tunaiita usonji. "Afundishwe sasa, kwa picha na kwa utaratibu usiobadilika. Wakimngoja achangamke, watangoja bure."

"Na Emanueli?"

"Ana tundu kwenye moyo. Angeletwa akiwa mchanga, ningempigania apate nafasi ya upasuaji. Sasa mapafu yameshaharibika kwa msukumo wa damu, na upasuaji hautamsaidia tena."

Aliishi mvuno mmoja zaidi. Midomo yake ilikuwa ya bluu siku alipoacha kuamkia watu.

Nilihamishiwa Dongobesh, kisha Mbulu mjini, chini ya wasimamizi wanne, na kila mahali nilisikiliza mioyo ya watoto hadi wenzangu wakanicheka. Mashamba yalivunjwa, kombaini zikaota kutu. Rehema ni mtu mzima. Anapanga bidhaa katika duka la mjomba wake, na maneno anayo machache, yaliyochelewa kwa sababu yangu.

Mgongo ulinistaafisha mapema. Wiki ya kwanza ya kustaafu nilikwenda Getanuwas.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista. Umezeeka kabla yangu."

Alitoa kadi ya kliniki kutoka ndani ya kitabu cha nyimbo. Hakuwahi kujifunza kusoma. "Nilikuambia habari ya jasho," alisema. "Nisomee ulivyoandika."

Nilisoma tarehe, nikasoma uzito, nikasoma lile neno. Akaendelea kungoja.

"Jasho sikuliandika, mama. Ulisema kweli, nami nikakwambia ni uvivu. Ulikuwa ni moyo."

Aliinuka, akatoka nje walikoparua kuku. Akarudi na kalamu ya mjukuu wake.

"Basi andika sasa."

Niliandika: *Mama anasema mtoto anatokwa na jasho anaponyonya.* Akaniambia nimsomee tena, polepole. Kisha akaichukua kadi, akairudisha kitabuni.