Betri ya Boti, Si ya Televisheni

Mume wangu alipofariki aliniachia shamba la mahindi huko Kwanza, karibu na mji wa Kitale, boti ndogo kwenye bwawa lililo chini ya shamba, na betri moja iliyofanya kazi mbili. Asubuhi iliwasha injini ya boti, tukaenda kutoa nyavu zetu za tilapia. Jioni ilibebwa hadi sebuleni ikawasha televisheni. Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili. Stima ilikuwa imefika sokoni ikakataa kuja kwetu, kwa hiyo mbele ya televisheni yetu kila mtu alikuwa mwenye nyumba. Majirani waliingia wakishamaliza kukamua ng'ombe. Hakuna aliyealikwa na hakuna aliyefukuzwa. Huyu alikuja na maziwa, yule na kigoda chake, watoto wakajaa sakafuni mbele kabisa.

Baada ya matanga, wakwe zangu walirudi Bungoma na watoto wangu wakarudi kwenye kazi zao mbali. Majirani hawakuacha kuja. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Mimi si mtu wa kulialia mbele ya watu, na ulimi wangu unajulikana hadi sokoni, basi nilijifanya wananichosha. Nililalamikia tope la viatu vyao. Lakini moyoni nilijiambia kwamba wanajua nyumba hii imebaki na mtu mmoja, ndiyo maana wanakuja kuketi nami. Niliamini hivyo kwa sababu nilihitaji kuamini.

Kilichoharibu mambo ni injini. Betri ilipokuwa imechoka, mume wangu alikuwa akishika kamba na kuivuta, mara moja, mara mbili, huku akiitukana injini kwa Kibukusu mpaka ingurume. Bega langu haliwezi hiyo kazi tangu nilipoanguka kutoka ghalani. Mimi nilikuwa na kitufe tu. Asubuhi nyingi nilikibonyeza, injini ikatoa sauti ndogo kisha ikanyamaza. Hapo nilichukua kasia nikapambana na magugu ambayo yalikuwa yamekula nusu ya bwawa. Nilizifikia nyavu jua likiwa kali na samaki wameanza kulegea. Wanawake wa Kitale waliokuwa wakinunua samaki wangu wakaanza kununua kwingine. Mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka. Samaki ndio walionilisha.

Nikaenda Kitale kutafuta betri. Muuzaji wa kwanza hakuningoja nimalize kueleza. Alininyooshea betri kubwa ya lori akasema, "Chukua hii, Mama, itafanya kila kitu." Simwamini mtu anayejibu kabla hajaulizwa. Nilirudi nyumbani, na siku iliyofuata nikaipeleka betri yangu kuukuu hadi Bungoma kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye hutengeneza matrekta.

Aliipima, akatikisa kichwa. "Mulamwa," akaniita, maana ndivyo tunavyoitana sisi mashemeji, "hii imekufa kabisa. Hata ukichaji, jioni imeisha. Ni TV iliua hii kitu."

"TV inakula kidogo sana," nikasema.

"Inakula kidogo kidogo mpaka inamaliza. Betri ya stata haitaki hivyo, bana. Hiyo inataka itoe nguvu mingi mara moja, injini iwake, halafu injini iirudishie. Ukiikausha na TV kila siku, hata miezi haimalizi. Injini ipatie yake. Yake peke yake."

Tulienda pamoja dukani. Aliniambia nitafute tarehe iliyogongwa juu ya betri, kwa sababu betri huzeeka hata ikiwa rafuni. Tulilinganisha nguvu yake na ile iliyoandikwa kwenye injini. Tukatafuta yenye gamba gumu, maana boti hutikisika, na yenye mahali pa kupitisha mkanda ili isirukeruke. Mwenye duka, mwanamke wa rika langu, aliweka betri mbili mezani, moja ya stata na moja ya televisheni na taa. Akaniuliza, "Sasa Mama, unabeba gani?"

Uwezo wangu ulikuwa wa moja tu. Shemeji hakuelewa kwa nini nilisimama pale muda mrefu hivyo, na mimi sikumweleza. Ningemwambiaje mtu mzima kwamba nikichukua ile ya boti nitajua majirani wanakuja kwa ajili ya nani? Nilikuwa nataka kujua na sikutaka kujua. Mwishoni nikaonyesha ya stata, kwa sababu televisheni hailiwi.

Niliifunga mwenyewe kwenye boti, nikaibana kwa mkanda, nikaifunika na sanduku lake. Asubuhi nilibonyeza kitufe mara moja tu na injini ikaitika. Nilicheka kwa sauti pale bwawani. Samaki wa siku hiyo walifika Kitale wakiwa wabichi kabisa, na wale wanawake wakanisalimia kama vile hawakuwa wamenitoroka.

Jioni majirani walifika. Televisheni nilikuwa nimeifunika na kitambaa chake cha kufuma. Niliwaambia betri mpya ni ya boti, lakini chai ipo, kaeni. Walikaa. Tukaongea habari za mbolea na za ng'ombe wa fulani aliyeingia kwa shamba la fulani, kisha maneno yakaisha. Kila mtu akawa anaangalia kile kitambaa. Kesho yake walikuja wachache. Halafu akaja mmoja, akanywa chai yake haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Baada ya hapo nikawa napika chai ya watu wengi na kuimwaga. Nikisikia mbwa anabweka nilinyanyuka, nikakuta anabwekea upepo. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Hawakuwa wamenidanganya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba anakuja kwa ajili yangu.

Jioni moja jirani yangu wa karibu akaja, mwanamke ambaye ndiye aliyenishika mkono kaburini. Nilikuwa tayari nimeshika birika.

"Mama, sikai," akasema. "Nimetumwa. Si unajua ile sinema ya Mexico inaisha leo? Ati leo ndio yule msichana anajua baba yake."

"Betri ni ya boti," nikasema.

"Tunajua. Lakini boti si inalala saa hii? Betri inakaa tu huko kwa maji, haifanyi kitu. Leo tu, Mama."

Nilikumbuka kila neno la shemeji. Nilijua hakuna leo tu. Nilichukua spana, nikateremka naye hadi bwawani, nikalegeza mkanda, tukaibeba ile betri tukipanda mlima, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine. Njiani alinisimulia sehemu zote zilizonipita, na nilisikiliza kwa makini kana kwamba nazijali. Tulipofika, sebule ilikuwa imejaa. Kitambaa kilikuwa kimeshakunjwa na kuwekwa kando. Mtu fulani alikuwa ameleta maziwa.

Nilikaza nyaya kwenye vichwa vya betri, picha ikatokea, wakashangilia. Viti vilikuwa vimekwisha, nikaegemea mlango. Waliguna pamoja, wakacheka pamoja, msichana akampata baba yake, na mwanamke aliyenishika mkono kaburini akafuta machozi. Hakuna aliyeniuliza zile jioni nyingine nilikuwa naendeleaje.

Ilipoisha walinyanyuka, wakakusanya watoto na vigoda vyao. Mmoja wao akageuka pale mlangoni.

"Kesho kuna ingine inaanza, Mama. Tukuje?"

Nikasema njooni.