Kidole Kwenye Mfereji

Kila nikifungua kabati la ramani hapa maktabani ninapofanya kazi, harufu ya karatasi zilizoshika unyevu hunirudisha darasa la tano. Mkutubi alipanda kutoka mjini hadi shuleni kwetu mlimani na ramani ya zamani ya serikali, akaitandaza juu ya madawati.

"Kila mmoja anionyeshe kihamba cha kwao, shamba la migomba la ukoo wake."

Wenzangu wakagusa migomba ya babu zao. Nami nikagusa ya babu mzaa mama, tulikoishi mimi na mama.

"Hapo ni kwa mjomba wako," mwenzangu wa dawati akasema kwa upole. "Kwenu ni kwa baba yako."

Baba sikumjua. Nikasogeza kidole hadi kwenye mfereji wa maji uliopita kati ya vihamba, ambao haukuwa wa mtu mmoja, nikakiacha hapo mpaka kengele ikalia.

Siku hizi wanafunzi wakija, naanza kwa kuwaonyesha mfereji.